Kokteli Si ya Wenyewe

Daiquiri ina vitu vitatu: ramu, maji ya ndimu na sukari. Ukitaka kuhesabu barafu, basi vinne. Natanguliza hili kwa sababu mwezi uliopita niliketi kwenye baa moja ya ghorofani pande za Westlands, nikaagiza daiquiri, nikaletewa glasi ndefu ya uji mwekundu wa stroberi na mwavuli wa karatasi juu yake. Bei: 1,150. Nikamuuliza kijana wa kaunta ndimu imeenda wapi. Akanijibu kwa upole wote, "Madam, hii ndiyo wateja wanapenda."

Sina ugomvi na huyo kijana. Analipwa kumwaga anachoambiwa amwage, na pengine anaijua ndimu kuniliko. Ugomvi wangu ni na uongo ambao tumeumeza pamoja na uji ule: ati kokteli ni kitu cha wenyewe. Ati inahitaji ghorofa, taa za zambarau, jamaa mwenye aproni ya ngozi na beshte wa kukupiga picha. Sisi wa keja za chumba kimoja kazi yetu ni kununua mzinga, kuumwagia soda ya lita mbili, na kuumaliza kabla stima haijapotea.

Nakataa. Kokteli za zamani, zile ambazo majina yake yanajulikana kutoka Havana hadi Tokyo, ni mapishi mepesi kuliko pilau. Pilau ina bizari, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, vitunguu vya kukaangwa hadi viwe kahawia bila kuungua, na shangazi nyuma yako anayesema maji yamezidi mchele. Whisky sour ina wiski, ndimu na sukari. Negroni ni jini, Campari na vermouth nyekundu, sawa kwa sawa kwa sawa. Hata mlevi anaikumbuka. (Jini ninayosema ni ile ya kunywa. Ingawa hata wale majini wengine inasemekana hukaa kwenye chupa.) Old fashioned ni wiski, sukari, maji kidogo na matone ya bitters, ile dawa chungu ya mizizi na maganda. Na hiyo ndiyo maana ya zamani kabisa ya neno lenyewe: Mei 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimfafanulia msomaji kwamba kokteli ni spiriti, sukari, maji na bitters. Mwavuli haukutajwa.

Kwa hivyo 1,150 ilikuwa ya nini? Kiti, taa, kodi ya nyumba. Sawa, kila mtu anatafuta unga. Lakini usiniuzie kiti halafu uniambie nimelipia ujuzi.

Tuanze na ulimi, maana ndio uliodharauliwa zaidi katika hii stori yote. Simama stage yoyote ya Nairobi jioni, utamkuta mama na beseni la embe mbichi. Anachanja embe, anapaka chumvi, anamwagia pilipili, anakupa kwa karatasi. Hakuna aliyemfundisha kwamba chachu inataka chumvi ili isikike, na kwamba ukali ukija mwisho mdomo unaamka. Anajua tu. Hatua tatu mbele kuna jamaa wa mkokoteni wa miwa. Anasukuma muwa kwenye mashine, na katikati anaingiza kipande cha tangawizi na nusu ya ndimu, ganda na yote. Unakunywa huku matatu inajaza. Sasa nisikilize: ramu ni miwa iliyochachishwa, ikachemshwa na mvuke wake ukakusanywa. Mwagia kidogo kwenye kikombe cha huyo jamaa na umepata kitu ambacho mtu wa Santiago de Cuba angekitambua bila kuambiwa. Huko ndiko daiquiri ilikopata jina, kwenye sehemu ya migodi iitwayo Daiquirí, mwisho wa karne ya 19, na sifa hupewa injinia Mmarekani aliyeitwa Jennings Cox. Lakini Wacuba walikuwa na canchánchara, kinywaji cha spiriti ya miwa, ndimu na asali, ambacho wao husimulia kuwa kilinywewa na wapiganaji wa uhuru dhidi ya Wahispania. Cox alikuwa na kalamu na marafiki wa maana.

Sisi ni watu tunaokula embe mbichi kwa pilipili. Tunapaka ndimu kwenye mahindi ya kuchoma. Tunajua chachu, tunajua kali, tunajua chungu. Kuna nyumba ambazo managu na mrenda huliwa Jumatatu hadi Jumatatu. Halafu ikifika zamu ya pombe, ghafla tunakuwa watoto, tunataka tamu tu. Nani alitufanya hivyo? Soda ilitufanya hivyo, na baa ikaona tumezoea ikaongeza bei.

Kuna ndugu yangu mmoja ambaye kila Krismasi hunikuta nikikamua ndimu jikoni na kusema, "Hizo ni mambo za wazungu." Tuende polepole hapo. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa 1904, klabu ya Muthaiga ikafuata mwisho wa 1913, na humo ndani watu walikunywa jini na matone ya bitters hadi jua likatua. Hilo halina ubishi. Lakini nani alibeba sinia? Nani alivunja barafu, akakumbuka kwamba bwana huyu hutaka matone mawili na yule manne? Mwafrika. Na Mwafrika huyohuyo, kwa sheria ya koloni, hakuruhusiwa kuinywa ile spiriti aliyoibeba. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umebana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili, ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza kamba, na hapa Kenya katazo hilo lilivuka hadi miaka ya 1950. Kwa hivyo ndugu yangu, ukiniambia kuchanganya kinywaji vizuri ni uzungu, unairudia ile sheria bila kujua. Nayo ilisema mkono wetu ni wa kubeba na ulimi wetu haumo.

Na si hapa tu. Huko Marekani, mwaka wa 1917, Tom Bullock alichapisha kitabu cha vinywaji, The Ideal Bartender. Alikuwa Mweusi, akifanya kazi kwenye klabu ya matajiri St. Louis ambayo asingeweza kuwa mwanachama. Kokteli ilijengwa na watu wa aina hiyo, wahudumu. Wenyewe walikuwa wateja.

Hata hiyo jini tunayoiogopa. Harufu yake inatoka kwa matunda ya mti wa juniper, na sisi tuna wetu, mutarakwa, uliojaa kwenye misitu ya nyanda za juu na ambao kwa miaka mingi tuliukata nguzo za ua na penseli. Siku hizi kuna kiwanda cha Nairobi, Procera, kinachotengeneza jini kwa matunda hayo yakiwa mabichi. Bei yake ndiyo ya wenyewe kweli. Mti si wao.

Sasa kipimo, na hapa sitabembeleza mtu.

Kwenye sherehe za nyumbani kuna yule jamaa. Si unamjua. Amejipa cheo cha kumwaga. Anashika mzinga kwa shingo, anamwaga kwa jicho, anacheka, anasema "hiyo iko light." Haiko light. Nimewahi kupewa kikombe cha plastiki na jamaa wa aina hiyo, nikakimimina chote kwenye kikombe cha kupimia nikiwa jikoni peke yangu, na kwa hesabu ya vile nilimwona akimwaga, toti tatu na zaidi zilikuwa zimefichwa chini ya soda ya machungwa. Rafiki yangu alikuwa ameshakunywa viwili. Alikuwa anajiuliza kwa nini amechoka mapema hivyo.

Sukari ni pazia. Ndiyo maana ikawekwa nyingi, baa na nyumbani, kwa sababu nyuma ya pazia unaweza kuficha spiriti mbovu, ndimu ya juzi, au toti ambazo mtu hakuziomba. Mwanamke wa Nairobi amefundishwa kufunika glasi kwa kiganja akigeuka kuongea, kutorudi kwa kinywaji alichokiacha, kwenda choo na glasi yake mkononi. Wanaume nao waulizwe. Wako waliowekewa "mchele" wakaamka siku ya pili bila simu, bila saa, na akaunti ya M-Pesa imekaushwa. Ulimi hautakuokoa na hizo dawa, nyingine hazina ladha hata kidogo, na asikudanganye mtu. Lakini ulimi uliozoea mililita 60 utakuambia kwamba hii ni 120. Hilo peke yake lingewafikisha nyumbani watu wengi ninaowajua.

Kwa hivyo pima. Hauhitaji kifaa cha kuagizwa mtandaoni. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi kina mistari ya mililita. Kama umekitupa, kijiko cha chakula cha kupimia ni mililita 15. Vinne ni 60. Na kitu cha kutikisia? Chupa ya siagi ya njugu iliyokwisha, yenye kifuniko cha kukaza, ioshwe mara mbili la sivyo kila kitu kitanukia njugu. Kichungi cha chai unacho.

Shira watu wa Pwani wanaijua kwa kaimati. Hii ni nyepesi kuliko ile: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji ya moto, koroga hadi maji yawe maangavu, acha ipoe, weka kwenye friji. Ndimu ikamuliwe sasa hivi. Si jana. Si ile ya chupa ya plastiki yenye umbo la ndimu, ambayo sijui nani anainunua. Halafu chupa yako ya njugu: 60 za ramu nyeupe, au spiriti ya miwa kama Kenya Cane ambayo iko kila duka, 25 za ndimu, 20 za shira. Jaza barafu hadi juu. Funga, tikisa kama unayedai deni, sekunde 12 hadi 15, mpaka chupa ianze kuuma vidole kwa baridi. Chuja kwenye glasi yoyote. Kunywa sasa, kabla haijapoa vibaya, yaani kabla haijapata joto. Kiswahili hapa kimenishinda kidogo.

Chupa ya mililita 750 inatoa vinywaji 12 vya namna hiyo. Chukua bei ya duka la kwenu, gawanya kwa 12, ongeza ndimu na sukari, kisha ulinganishe na 1,150. Mimi nilifanya hiyo hesabu na nikakasirika upya.

Barafu nitaisemea kidogo kwa sababu ndiyo inayoonewa zaidi. Watu husema, "Usinijazie barafu, mnaniibia." Ni kinyume. Barafu chache huyeyuka haraka na kukuachia maji vuguvugu. Nyingi hushikana baridi na kuyeyuka polepole. Na maji yale yanayoyeyuka wakati wa kutikisa ni sehemu ya mapishi, karibu robo ya kitakachokuwa ndani ya glasi. Ndiyo yanayofungua harufu. Bila hayo spiriti inakuchoma na ndimu inakukata. Chenye maji ya matunda kitikise. Cha pombe tupu, kama Negroni au martini, kikoroge tu na kijiko kirefu hadi kiwe baridi. Yule jasusi wa sinema anayetaka martini yake itikiswe, mwache na bunduki yake. Na tafadhali, barafu inayolala friji moja na omena itakuwa omena. Ifunge kwenye mfuko. Kama huna friji, vituo vya petroli na supamaketi nyingi huuza barafu kwa mifuko, na mfuko mmoja unatosha watu watano.

Kuonja ndiko watu wanakokimbia, wanadhani ni mambo ya kuzungusha glasi na kutaja harufu za msitu. Hapana bana. Niliwaita marafiki watatu Jumamosi, nikatengeneza daiquiri tatu ndogo. Kila kitu sawa isipokuwa shira: moja na kidogo mno, moja ya kawaida, moja na nyingi. Tukazipitisha. Wa kwanza akasema ile ya kidogo ndiyo bora, inamkumbusha ukwaju wa kwao Malindi. Wa pili akasema huyo hana akili, ni chachu kama siki. Wa tatu, ambaye kwa kawaida humaliza mzinga kabla hujavua viatu, alikaa na glasi moja dakika arobaini. Hakuwa ameokoka. Alikuwa anabishana. Alitaka kujua ndimu ingekuwaje ikiwa ile ya kijani ndogo badala ya ile ya manjano kubwa, tukakata zote mbili tukazilamba zikiwa tupu, na kweli si kitu kimoja: ile ndogo ina ukali wa harufu, ile kubwa ni chachu ya maji maji. Miaka yote tumeziita ndimu na limau kwa kubahatisha. Watu wa Mombasa hawabahatishi, wao wanajua ipi ni ipi, na sisi wa bara tumewadharau bure.

Nimesikia pia kwamba kokteli ni kinywaji cha wanawake. Husemwa na mwanamume aliyeshika bia ya chupa kama amemshika adui. Hemingway, aliyekuja huku kuwinda 1933 na kurudi tena 1953, ambaye wanaume wa namna hiyo humtundika ukutani, akiwa Havana alikuwa mteja wa baa ya El Floridita, na alichokunywa humo ni daiquiri. Yake ilikuwa ramu mara mbili na bila sukari. Sisemi umuige, alikunywa hadi ikamdhuru. Nasema tu kwamba hilo unaloliita la wanawake hukuliuliza. Na kama ni la wanawake, basi ndiyo: Ada Coleman aliongoza kaunta ya American Bar, hoteli ya Savoy, London, kuanzia 1903, akabuni Hanky Panky ambayo bado inatengenezwa leo. Karne imepita na bado mimi nikiingia baa na mwanamume, menyu ya wiski anapewa yeye na mimi naonyeshwa ukurasa wenye picha.

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii mzaha. Msomaji atauliza, kwa haki, kama nchi hii inahitaji mtu wa kusifu pombe. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 hapa Nairobi, wengi wao wa Mukuru. Februari 2024 ikawa Kirinyaga, zaidi ya 10 wakafa, wengine wakapofuka. Katikati ya miaka hiyo kuna vijiji ambavyo mama ndiye anayelipa karo peke yake kwa sababu baba analala kwa mtaro. Sitasimama hapa na kikombe cha dawa ya kikohozi nijifanye nimepata tiba ya hayo.

Ila tutofautishe. Kilichowaua wale ni methanoli, sumu ambayo huwezi kuionja na ambayo hakuna ndimu wala asali inayoweza kuitoa. Waliuziwa kwa sababu hawakuwa na pesa ya kitu kingine na kwa sababu kuna aliyehongwa akatazama kando. Hivyo usichanganye chochote ambacho hujui kimetoka wapi. Chupa iwe imefungwa, iwe na stempu ya ushuru, na ile programu ya KRA, Soma Label, ipo kwa simu hata kama huipendi KRA. Chang'aa ilipigwa marufuku 1980, ikaruhusiwa na sheria ya 2010 kwa masharti ya kiwanda na chupa, na bado ile inayopikwa mtoni haina mtu aliyeipima. Ningependa siku moja kuonja chang'aa safi, iliyotengenezwa kwa uangalifu, na shira ya sukari nguru. Babu zetu walijua kupika. Lakini siku hiyo bado, na sitaki uifike bila macho.

Na kama hunywi, usianze kwa ajili yangu. Ukwaju uliolowekwa usiku kucha, shira, tangawizi iliyosagwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, barafu, maji ya soda. Pima vilevile, tikisa vilevile. Dada wa Kiislamu tunayeishi naye ploti moja ndiye aliyenionyesha ile chumvi, na sijawahi kuiacha tena, hata kwenye daiquiri. Chembe chache tu. Chungu kinapungua, ndimu inasikika.

Kinachonikera, nikirudi kwenye hasira yangu, ni kwamba tumepewa njia mbili tu za kunywa na tukakubali. Njia ya kwanza ni kuonekana: unalipa, unapiga picha, kinywaji kinayeyuka ukitafuta mwanga mzuri. Njia ya pili ni kuzima: unamwaga, unafunga macho, unameza, unauliza kama kuna nyingine. Zinachukiana lakini ni ndugu wa tumbo moja. Katika zote mbili hakuna anayeuliza kiko vipi. Uliza mtu aliyetoka kwenye baa ya 1,150 kinywaji kilikuwa na ladha gani, atakuonyesha simu. Uliza yule wa mzinga, atakuambia hakumbuki, na atacheka kama amefunga bao.

Nitamalizia na dawa, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Leo ukisema dawa kwenye mkahawa wa Nairobi unaletewa kikombe cha maji ya moto, tangawizi, ndimu na asali. Nzuri kwa mafua. Lakini kuna ile nyingine, ya vodka, iliyopata jina kwenye mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa 1980 huko Lang'ata, ambapo mhudumu huzunguka na sinia na wageni humwita Dr. Dawa. Ilichukuliwa kutoka kwa caipirinha ya Brazil, spiriti ya miwa ikaondolewa, vodka ikaingia, na juu yake ikaongezwa asali kwenye kijiti. Kila mtalii anayefika hapa ameshaisoma kabla ya kupanda ndege. Anakunywa mbili, anaandika kwao kwamba ameonja Kenya. Sisi? Wengi wetu hatujawahi kuitengeneza hata mara moja. Tunaiona kama kitu cha wageni wa nyama ya mamba, ilhali ndimu ni yetu, asali ni yetu, jina ni letu, na aliyeibeba ni wetu.

Ichukue, basi. Kata nusu ya ndimu vipande vinne, tia kwenye glasi nzito na kijiko kimoja cha chai cha sukari ya rangi ya kahawia. Ponda kwa nyuma ya mwiko, kwa huruma. Ukiponda ganda hadi liraruke linatoa uchungu. Mililita 60 za vodka. Au irudishe nyumbani kwake, weka spiriti ya miwa badala ya vodka. Mimi ndivyo ninavyoipenda, na nimegombana na watu kuhusu hilo. Barafu iliyovunjwa, nyingi. Chukua kijiti, hata cha mshikaki, kata ncha yenye makali, kichovye kwenye asali nzito, ya Baringo au ya Kitui, isiwe ile ya supamaketi inayotiririka kama maji. Asali itaganda kwenye baridi na kung'ang'ania kijiti. Usiikoroge yote mara moja. Kunywa kidogo, zungusha kijiti, kunywa tena. Kila mara itakuwa tamu kidogo kuliko mwanzo, na wewe ndiye unayeamua iishie wapi.